Picha ya mbuzi ya bibi yangu imefutwa, eti ni stuli!

Wanajukwaa, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, maana jambo lenyewe limetokea asubuhi hii hii. Yule msimamizi wa albamu yetu ya neno moja, ambaye sina haja ya kumtaja kwa kuwa kila mwenye kamera humu ameshaonja makali yake, ameifuta picha yangu ya mbuzi na kuacha maneno haya mbele ya kadamnasi: "Tumeomba mbuzi, hatukuomba stuli." Stuli! Mbuzi ya kukunia nazi iliyomlisha bibi yangu, wanawe na wajukuu wake pale Tanga imeitwa stuli, na aliyeiita hivyo ni mtu anayekula wali wa nazi kila Ijumaa!

Kwa wageni wa jukwaa, kikundi chetu ni cha wapiga picha wa ridhaa, na wengi wetu tunatumia simu tu. Kila wiki hutolewa neno moja, kisha kila mtu hutuma picha yoyote inayobebwa na neno hilo, hata kama picha zenyewe hazina udugu wowote. Wiki ya "ndege" tulipata korongo akivizia samaki kwenye majaruba ya mpunga, na kando yake ndege ya abiria ikishuka juu ya mabati ya Kipawa, na hakuna aliyeambiwa kwamba tumeomba ndege, hatukuomba chuma. Wiki ya "tembo" alikuwapo tembo wa Mikumi akijimwagia vumbi, na chini yake kibuyu cha mgema kikining'inia mnazini, na msimamizi huyo huyo aliandika "safi sana". Leo zamu ya mbuzi imefika, ghafla amekuwa bwana mifugo.

Picha ile sikuiokota njiani. Nilisubiri jua la asubuhi lipenye dirisha la jikoni, nikapiga magoti sakafuni ili kamera iwe sawa na ule ulimi wa chuma, na mwanga ukayashika meno yake moja moja, huku nazi nyeupe ikiwa imenasa katikati. Nyuma yake kilionekana kibao cha kukalia ambacho kimesuguliwa na vizazi vya wakunaji hadi mti umeng'aa wenyewe bila vanishi. Pembeni kulikuwa na vifuu vitupu, sinia, na kifumbu cha ukindu kikingoja kukamua tui. Stuli gani hiyo inayokuna nazi? Stuli gani ina meno? Kila mtoto wa Pwani anajua kusema mbuzi huyu kwa anayelia zizini na mbuzi hii kwa ile ya jikoni, na wala hakuna mama aliyewahi kutumwa mbuzi ya kukunia akarudi na beberu.

Na picha aliyoipandisha yeye juu kabisa ya albamu ni ipi? Ni ya mbuzi wake aliyempiga Vingunguti, ambaye kamera imemkata kichwa kabla mchinjaji hajamfikia, kiasi kwamba tunaona mgongo, mkia na gurudumu la bodaboda. Huyo ndiye mbuzi halali, na ya bibi yangu ni stuli!

Ningeambiwa kwamba picha ina giza, tungejadiliana. Lakini stuli! Sentensi ile nimeisoma mara nyingi mno hadi leo hata chai imekataa kushuka. Nadai picha irudishwe mahali pake, na yale maneno ayafute aliyeyaandika, hapo hapo mbele ya watu alipoyaandikia.

Jibu la 1: Pole sana, mkuu. Huyo tunamjua. Wiki ya "paa" niliweka paa la makuti la nyumba moja ya Kilwa, akaniambia anataka mnyama. Paa mwenyewe ni mdogo na mwoga, hajionyeshi ovyo kichakani, sasa mtu mwenye simu atampigia wapi?

Jibu la 2: Mleta mada, mimi niliiona kabla haijafutwa. Hayo meno unayoyasifu yalikuwa kwenye ukungu, na kilichoonekana vizuri ni ndala za mtu. Kuiita stuli ni makosa, lakini nimeelewa macho yake yalikopotelea.

Mleta mada: Ndala ni za bibi na ziliwekwa kwa makusudi, kwa sababu ndizo zinazoonyesha kimo cha mbuzi. Ningekuambia ukaitazame upya, lakini huwezi, imefutwa! Imefutwa kwa jina la stuli!

Jibu la 3: Hivi bado kuna watu wanakuna kwa mbuzi? Kwetu nazi inaingia kwenye blenda, tunachuja, tunapika, tunalala.

Jibu la 4: Tafadhali usituletee blenda hapa, tui lake tunalijua. Tukirudi kwenye albamu, dhuluma kubwa ilikuwa wiki ya "kanga". Nilileta kanga wa porini mwenye madoa meupe na doti ya kanga yenye madoa kama yake, kwa kuwa wengi husimulia kwamba nguo ilipata jina kutokana na yule ndege. Nikaambiwa picha ni moja kwa kila mtu, nichague. Ukizitenganisha hizo, nilichotaka kuonyesha kimekufa.

Jibu la 5: Afadhali wewe uliachiwa moja. Wiki ya "kaa" nilipiga kaa la moto usiku, taa zote zimezimwa, jekundu peke yake kwenye jiko, na aliyeshinda ni mtu aliyepiga kaa wa soko la Feri akiwa amefungwa kamba kwenye beseni. Kura zinapigwa kwa vidole gumba, kwa hiyo mwenye ukoo mkubwa ndiye mpiga picha bora.

Jibu la 6: Nyinyi mnalilia kura, sisi wa Mombasa tunalilia saa. Wiki hiyo ya "kanga" nilipata ile iliyochapwa "Mali ya Abdulla" pembeni, imeanikwa uani, upepo umeijaza vizuri, na nilipoituma nikaambiwa dirisha lilifungwa saa sita usiku. Nani aliyepanga saa hiyo, na alimuuliza nani?

Jibu la 7: Naunga mkono hoja ya saa. Pia naomba kuuliza, wiki ijayo neno ni "chungu": je, wadudu wanaruhusiwa, au tulete vya kupikia tu?