Mtoto katolewa nje katikati ya hadithi, na fisi kaachwa shimoni!!!

mama_wawili_mby

Wakuu mimi leo sina salamu ndefu, nina hasira mpaka chai imenishinda, naandika hata koti sijavua na hii baridi ya Juni mnaijua wenyewe. Nipisheni niseme.

Maktaba ya kata yetu hapa Mbeya mnaijua, sio ile ya mkoa msije mkaanza kuchanganya madawa, nasema hii ya kwetu huku mtaani. Na mwenye funguo mnamjua, simtaji, kila mzazi wa huku kashapita mikononi mwake. Yule yule. Sweta la maziwa, funguo shingoni, akikohoa mpaka kuku wa jirani wananyamaza.

Sasa mlangoni kuna karatasi imebandikwa na selotepu, herufi kubwa, LIKIZO NJEMA, JUMAMOSI SAA NNE HADITHI NA KUPAKA RANGI, WATOTO WOTE MNAKARIBISHWA. Wote. Kwa macho yangu. Nikamwogesha mtoto, nikampaka mafuta mpaka anang'aa unaweza kujitazama, tukaenda. Mtoto yuko darasa la pili, ndo kwanza kusoma kumemkolea, anasoma mpaka maandishi ya mfuko wa sembe.

Wakakaa kwenye mkeka, viatu mlangoni, mimi nje kwenye benchi nachungulia dirishani. Hadithi ya sungura na fisi, na niseme ukweli huyo mtu kusoma anajua, anatoa sauti, sungura anamwambia fisi humo shimoni kuna nyama ya harusi, fisi kaangalia kushoto, kaangalia kulia, kajitosa, puuu! Watoto wameshika midomo. Na hapo hapo, HAPO HAPO wakuu, kafunga kitabu kidole kikiwa ndani ili asipoteze ukurasa, kasema "wasio na kadi wasimame".

Kidole ndani ya kitabu!! Yaani alipanga aendelee, ila sio na wangu.

Wakasimama watoto kama nusu ya mkeka. Wangu akawa anatafuta kiatu cha pili kwenye lile lundo, wenzake wanamwangalia, yeye kainama anapekua, na mwenye funguo anagonga meza na ufunguo "haraka haraka tunapoteza muda". Kiatu kimepatikana, mlango umefungwa, na hatujafika hata getini ndani WAMECHEKA. Wote kwa pamoja. Ina maana ilikuwa ndo sehemu yenyewe!

Nimerudi nimeuliza kadi inapatikanaje, kanipa fomu. Picha mbili za pasipoti, ada, barua ya mwenyekiti wa mtaa, na mdhamini. Mdhamini!! Mtoto wa darasa la pili anatafutiwa mdhamini kama anakopa trekta. Na sio kwamba alikuwa anaazima kitabu aondoke nacho, alikuwa anasikiliza, masikio ni ya kwake alizaliwa nayo.

Njia nzima toka pale mpaka kituo cha Mama John mtoto ananiuliza, mama, fisi alitoka? Kwenye daladala kauliza, konda naye kaanza kuuliza. Kala wali hajamaliza kauliza. Sasa mimi nitamwambia nini na kitabu kimefungiwa na huyo mtu na kidole chake.

Mapovu ruksa.

kijana_wa_sae

Nimesoma uzi wote nikingojea mtu apigwe. Hakuna aliyepigwa. Mods fungeni.

Bajaji Kabwe

Dada pole sana. Huyo nishawahi kumpeleka na bajaji yangu, kanyamazisha redio, kanyamazisha abiria mwenzake aliyekuwa anaongea na simu, tulipofika Sokoine injini yenyewe nahisi ilikuwa inanong'ona.

ntulanongwa

Swali la msingi halijajibiwa. Fisi alitoka au hakutoka?

mama_wawili_mby

@ntulanongwa si ndo nakwambia HATUJUI!!! Unasoma nini sasa?

Mstaafu wa Kabati

Habari zenu wanangu. Mimi nimefanya kazi ya ukutubi miaka mingi, sio hapo anapopasema huyu binti. Kadi haikuwekwa kutesa mtu. Vitabu vya watoto ndivyo vinavyopotea na kuchanika kuliko vyote, na kile kinachopotea hakirudishwi kwa bajeti ya mwezi ujao, kinaweza kukaa miaka hakijarudishwa, kwa hiyo mdhamini anawekwa ili kuwe na mtu mzima wa kufuatwa. Ila hiyo ni ya KUAZIMA. Kusikiliza hadithi hakuna kadi. Hapo mwenzetu kachemka.

Na kwa faida ya mtoto, hadithi za sungura na fisi asitafute kwenye rafu ya riwaya. Zinakaa 398.2, ndo namba ya ngano za jadi kwenye mpangilio wa Dewey, angalia mgongoni mwa kitabu chini kabisa, mara nyingi wino umefifia.

kijana_wa_sae

Babu kabati lao lina kioo na kufuli. Namba tunaziona. Hata migongo tumeshaikariri.

Mwanasheria wa Kijiweni

Naomba niweke hili sawa. Kuna Ilani ya IFLA, lile shirikisho la maktaba la kimataifa, na UNESCO kuhusu maktaba za umma, ile ya 1994, ikahuishwa 2022, inasema kimsingi huduma za maktaba ya umma ziwe bure na ziwafikie watu wa rika zote bila ubaguzi. Na hapa kwetu maktaba za umma zina sheria yake toka 1963, ikaja nyingine 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba. Kwa hiyo kumtoa mtoto kwenye mkeka ni

Bajaji Kabwe

Ni nini sasa, mbona umekatia hapo? Na wewe huna kadi?

Mwanasheria wa Kijiweni

Bando liliisha. Nilikuwa nasema ni ubaguzi.

ntulanongwa

UNESCO waje basi walipie umeme na chaki. Tumechoka kuhuishiwa makaratasi.

Mama Parachichi Tukuyu

Huku Rungwe hiyo ngano ninavyoijua mimi fisi HATOKI. Bibi yangu alisimulia anabaki shimoni mpaka mvua inajaza anaelea, na mvua ya huku ukiijua utaelewa ilikuwa ni dakika tu. Mwambie mtoto fisi aliogelea.

mnyalu_halisi

Kamwene wakuu. Mama Parachichi unapotosha. Kwetu Iringa sungura anaingia mwenyewe, halafu anamdanganya fisi kwamba mbingu inaanguka, fisi anaruka ndani kujificha, sungura anapanda mgongoni kwake anatoka. Fisi anabaki anasubiri mbingu ianguke. Hii ndo orijino.

Mama Parachichi Tukuyu

Orijino ya wapi, nyie hata fisi mmewajulia mbugani Ruaha kwa kiingilio.

mnyalu_halisi

Usilete ukabila kwenye ngano.

mama_wawili_mby

Jamani naomba turudi kwenye hoja. Mtoto kainama anatafuta kiatu. Watoto wenzake wanamwangalia. Ufunguo unagonga meza. Hapo hamuoni shida?

form six mpambanaji

Tunaona dada ila na sisi tusikilizwe. Hiyo hiyo maktaba Jumamosi sisi tunasoma nyuma ya pazia, pazia tu sio ukuta, unajaribu kuelewa mlinganyo wa kemia upande wa pili watoto arobaini wanaimba sungura mjanja. Mimi kwa kweli walipotolewa nusu nilishukuru Mungu kimoyomoyo, samahani.

Bajaji Kabwe

Wewe ndo uliyecheka!!

form six mpambanaji

Sijacheka. Nilikuwa natafuna karanga.

mwl mstaafu Ileje

Nimefundisha darasa la kwanza na la pili toka enzi za kuandikia mchangani, naomba niseme kidogo. Watoto wetu wanakufa njaa ya vitabu wala sio ya kadi. Mwaka 1991 ulipoanza ule Mradi wa Vitabu vya Watoto ilikuwa hivi, mwandishi wa hapa hapa anaandika, mchapishaji anachapa, na sehemu kubwa ya nakala inanunuliwa inapelekwa mashuleni na maktaba za vijijini, maana bila hivyo mchapishaji hathubutu, nani atanunua kitabu cha hadithi wakati hela ya daftari hakuna. Vilipokuja shuleni kwangu kwenye boksi niliviweka mezani bila kufuli. Vilichakaa vibaya sana, kurasa zikawa laini mpaka zinapinda zenyewe, na watoto waliovichakaza ndo hao leo wanatuletea dawa hospitali. Ukikuta kitabu cha watoto kimebaki kipya miaka kumi ujue hapo hakuna maktaba, hapo kuna stoo.

kijana_wa_sae

Mwalimu kaua. Sasa mods mnaweza kufunga.

Mstaafu wa Kabati

Mwalimu, na vilivyoibiwa je? Umesahau kuvisema.

mwl mstaafu Ileje

Vilivyoibiwa vilisomwa nyumbani.

mama_vikoba_ilomba

Mimi langu ni tofauti. Chumba cha nyuma cha hapo hapo kimeandikwa CHUMBA CHA JAMII. Sisi kikundi chetu cha vikoba tumeomba tukae saa moja tu tugawane faida, tumeambiwa mpaka barua. Jumapili iliyofuata napita nasikia ngoma, nachungulia, kitchen party! Keki ghorofa tatu juu ya meza ya kupakia rangi, na wamama wanacheza mduara mbele ya ramani ya Tanzania. Barua yao ilikuwa ya nani?

ntulanongwa

Walikuwa na kadi.

Bajaji Kabwe

Kadi ya mwaliko 😂😂😂

mama_wawili_mby

Mnacheka ila hizo rangi zenyewe mnazozisema mmeziona? Kopo moja, vipande vilivyovunjika urefu wa kucha, na nyekundu haipo kabisa. Watoto wanapaka nyanya za zambarau. Hata hivyo wangu hakufika huko, wangu aliishia kwenye kidole.

Dogo IT Iyunga

Mkuu punguza presha. Simu si unayo? Ingia African Storybook, kuna hadithi za watoto kibao za Kiswahili, bure, unapakua unaweka kwenye simu unasoma hata mtandao ukikata. Vitabu vya darasani navyo Taasisi ya Elimu wameviweka kwenye maktaba mtandao yao, darasa la pili vipo. Hauhitaji mdhamini.

mama_wawili_mby

Ahsante mdogo wangu ila mimi sitaki simu, nataka mtoto akae kwenye mkeka na wenzake acheke pale wenzake wanapocheka. Na ana haki.

ntulanongwa

"Bure" halafu bando?

Dogo IT Iyunga

Vitabu ni vidogo haviili bando.

ntulanongwa

Kwangu hata kufungua meseji ya salamu kunakula bando. Jana nimejiunga la wiki, asubuhi naamka naambiwa umetumia asilimia 75, nimetumia nini na nilikuwa nimelala?

form six mpambanaji

Uliota kwa HD.

Bajaji Kabwe

Hili la bando lifunguliwe uzi wake. Wanatuibia mchana kweupe. Mimi nikiwa stendi tu nimeiweka simu mfukoni linaisha.

mnyalu_halisi

Huku Iringa ndo usiseme, ukishuka Ipogolo mtandao unashuka na wewe. Na kwa taarifa yenu huku kuna sehemu ya kusomea ina kompyuta za msaada, mpya, zimefunikwa vitambaa vya kufuma, ukigusa unaulizwa umeagizwa na nani.

Mama Parachichi Tukuyu

Vitambaa vya kufuma mnavijua, fisi hamumjui.

Mwanasheria wa Kijiweni

Nimerudi, nimeweka vocha. Kama nilivyokuwa nasema, kwa mujibu wa ile Ilani

kijana_wa_sae

Mods!!!

mama_vikoba_ilomba

Mnijibu na mimi, barua ya chumba inaandikwa kwa nani? Faida yetu iko kwenye sanduku kwa mweka hazina na mume wake ameanza kuwa mchangamfu sana.

Bajaji Kabwe

Mama hamisheni sanduku usiku huu, nakuja na bajaji.

mama_wawili_mby

Kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayeenda na mimi Jumatatu kumuuliza?

mzazi_soweto

Samahanini naingilia, kuna mtu ana kitabu cha Sayansi darasa la tano? Cha kwangu mbuzi kala mfumo wa mmeng'enyo wote.

form six mpambanaji

Cha mdogo wangu kipo, kimechanika jalada tu. Nipo Mafiat. Buku tatu.

mzazi_soweto

Buku mbili, jalada silisomi.

form six mpambanaji

Mbili na mia tano, na uje kabla ya saa kumi na mbili, kuna baridi siwezi kukusubiri barabarani.