Mtoto wa mbwa wangu amegoma kula, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Nina mtoto wa mbwa wa miezi 3, tangu jana asubuhi hagusi chakula. Ananusa bakuli, analamba mara moja, kisha anageuka na kujilaza pembeni. Maji anakunywa kidogo. Hajatapika wala kuharisha, ila fizi naona zimepauka, na hilo ndilo linanitia hofu zaidi, maana minyoo hunyonya damu. Chanjo ya kwanza alipata, ya pili bado, kwa hiyo parvo, ule ugonjwa hatari wa virusi wa mbwa, nao nauwaza. Kesho alfajiri nampeleka kwa daktari wa mifugo. Aliyewahi kupitia hili, usiku huu nimpe nini asiishiwe nguvu? Nimlazimishe kula au nimwache? Juzi alikuwa akinirukia mlangoni. Leo ametikisa mkia tu, hakuinuka.