Kobe wa maji wa Ziwa Nyasa: tufungue biashara kwa vibali au tuendelee kuifunga?

Mleta mada: Wakuu, namzungumzia yule kobe bapa mwenye gamba laini kama ngozi, kitaalamu *Cycloderma frenatum*. Yupo Ziwa Nyasa na kwenye mito kuanzia Rufiji kushuka hadi Msumbiji. IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, imemweka kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Tangu Januari 2017 yumo Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, yaani kuuzwa nje anauzwa, ila nchi itoe kibali baada ya kujiridhisha kwamba haimmalizi. Sisi Tanzania tulifunga usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Juni 2022 ikatangazwa kwamba umefunguliwa, halafu Waziri akausitisha fasta, na mpaka leo wapo wanaosubiri mlango ule.

Kwa kobe huyu mimi nasema usifunguliwe. Anafukia mayai mchangani, kenge wanayafukua, na watoto wachache wanaopona huchelewa sana kukomaa. Mnunuzi naye hataki mtoto. Anataka mkubwa, yule yule anayetaga.

Mvuvi, Liuli: Mkuu, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kuvuta wavu. Huyu kobe anaingia mwenyewe, anakula samaki walionasa na kuchana nyuzi. Nikimrudisha majini napata nini? Waasia wanataka nyama na gamba lake, na magendo yapo hata mkifunga. Bora kibali, halmashauri ipate chake na kijiji kipate chake.

Mleta mada: Kibali bila kuhesabu kobe waliopo ni mhuri tu. Tena kikishakuwepo, wa magendo anapita na karatasi ya mwenzake. Sasa hivi askari akikuta shehena ya kobe hai uwanja wa ndege hahitaji kuuliza mengi.

Mwalimu, Mbamba Bay: Mmesahau kichocho. Upande wa Malawi, kule Cape Maclear, samaki wanaokula konokono, wale wanaobeba vimelea vya kichocho, walivuliwa kupita kiasi, na kuanzia miaka ya 1980 kichocho kikaongezeka kwenye fukwe ambazo watu walioga bila wasiwasi. Kobe huyu naye chakula chake ni konokono na kome. Sisemi peke yake atatukinga, lakini tunawapunguza walaji wa konokono huku watoto wetu wanaoga humo humo.

Mvuvi, Liuli: Ya konokono nimekuelewa, mwalimu. Wavu wangu je?

Mleta mada: Kama ni kokoro, wavu wa kukokota hadi ufukweni, hilo ni haramu hata pasipo kobe, tusidanganyane. Kama ni wavu halali, hapo una haki. Kikundi cha usimamizi wa ufukwe kinakusanya ushuru. Sehemu yake ifidie wavu wa anayemwachia kobe mbele ya mashahidi. Ubishi wa nani aliyechana nini utakuwepo, najua. Wenye njia bora ya kuthibitisha waiseme hapa.