Vitwitwi wa pwani: zile picha za usawa wa macho mnazipigaje?

kijana_wa_paje
Asalam aleykum wadau. Mie n'na Nikon ya kawaida na lenzi ya milimita 70-300, siku hizi wazimu wangu ni kupiga picha vitwitwi na sululu, wale ndege wa ufukweni, huku Paje na Jambiani, mashariki ya Unguja. Picha zinatoka kali na rangi safi ila hazina uhai, ndege anakuwa kama kokoto juu ya mchanga na nyuma yake unaona kila kitu mpaka alama za ndara za watu. Nikitizama za wenzangu ndege yuko sawasawa na jicho na nyuma kumefutika kabisa. Nshachuchumaa, nshapiga magoti, bado. Na nikisogea tu wanaruka wote. Ninunue lenzi ya 600 au vipi?

jicho_la_mkunazini
Yakhe usinunue kitu. Kitwitwi miguu yake haifiki hata kidole chako cha kati, ukipiga magoti bado unamtizama kwa juu, kwahivo kilicho nyuma yake ni mchanga ule ule anaoukanyaga na lenzi yoyote haiwezi kuufuta. Lala kifudifudi lenzi karibu iguse chini, hapo nyuma ya ndege panakuwa na maji ya mbali huko mita hamsini, mia, yanafutika yenyewe hata kwa tundu la lenzi la f/5.6. Spidi ya shata weka 1/1000 ya sekunde akitembea, akiruka 1/2000, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) iache otomatiki, fokasi iwe kwenye jicho. Mchanga wa huko mweupe sana unaidanganya kamera inatoa picha ya giza, ongeza mwanga kidogo kama +0.7 afu uchungulie kifua cha ndege kisiungue, yaani kisigeuke cheupe tupu. Na mchana jua la utosi usijisumbue, ukilala chini ile hewa ya moto juu ya mchanga inatetemeka na picha inakuwa haishiki fokasi hata ufanye nini.

nahodha_mstaafu
Wanangu nyote mnazungumza kamera, hakuna aliyetaja maji. Ndege humfuati, unamtangulia. Maji yakikupwa huko Paje vitwitwi wanatawanyika mbali kwenye mwamba, utatambaa mpaka magoti yachubuke. Yakianza kujaa wanarudi nyuma wakila pembezoni mwa maji, sasa wewe uwe ushalala pale watakapopita na utulie, wao wenyewe watakuja mpaka lenzi ikushinde kwa ukaribu.

Saa zenyewe zinajulikana. Bamvua, yaani siku za maji makubwa, hapa kwetu maji makavu ni saa nne saa tano asubuhi, yanajaa mpaka kumi, kumi na moja jioni na yanapanda karibu mita nne, basi yanakuja mbio. Upande wenu wa mashariki jua la alasiri liko mgongoni kwako kwahivo lala kuanzia saa nane hivi, ukichelewa minazi inatupa kivuli ufukwe mzima. Maji mafu, zile siku yanapanda kidogo tu, ni kinyume, yanajaa asubuhi taratibu, hapo njoo upande wa magharibi, Fumba au Maruhubi, saa moja mpaka saa tatu jua linatoka upande wa nchi kavu nyuma yako. Mie naona hiyo ya asubuhi ndo tamu zaidi, mwanga laini na hakuna upepo wa kukurushia mchanga. Ila kisiwa cha Uzi angalia, ile njia ya kwenye mikoko maji yakijaa inafunikwa, utalala huko huko na kamera yako.

Jambo jengine, maji yakishajaa kabisa utawaona wamekusanyika wamesimama mguu mmoja wamelala. Hapo waache. Hasa Machi na Aprili, wanatia mafuta mwilini wakaruke mpaka Urusi kaskazini kule, kila ukiwarusha unawala akiba yao.

bint_bwejuu
Naongezea kaka, kabla hujalala sema na kina mama wa mwani kwanza. Lenzi ndefu imelala chini inaelekea kwenye mashamba yao, wao hawajui kama unapiga ndege, na wengine hawapendi kupigwa picha na wana haki yao. Toa salamu, waonyeshe picha mbili tatu kwenye skrini, baada ya hapo wao ndo watakwambia sululu wanashuka wapi 😄 Na usipomwambia mtu akakuona umelala kifudifudi hutikisiki maji yanakuja, watakuja kukuokoa na ndege wote kwaheri.

mpemba_wa_wete
Huku Pemba natumia sinia la bati kuukuu. Kamera naiweka ndani juu ya kifuko cha nguo kilichojaa mchele, nasukuma taratibu, ule ukingo unazuia mchanga na maji machache. Lala juu ya kipande cha turubai. Ukirudi nyumbani pangusa kamera na lenzi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo, yasiyo ya chumvi, kilichokamuliwa sana kisha kikavu, siku hiyo hiyo, chumvi haingoji kesho. Na lenzi usiibadilishe ufukweni hata kwa dawa.

kijana_wa_paje
Shukran sana wakubwa. Mzee nahodha, skrini ya kamera yangu haifunguki kuinuka, shingo itakubali kweli kulala masaa mawili?

nahodha_mstaafu
Haikubali. Chimba shimo dogo la kifua, kidevu kiweke juu ya ngumi, na usichungulie mpaka usikie wanalia karibu. Bamvua ni siku mbili za mwanzo baada ya mwezi mpevu au mwezi kuandama, angalia kalenda yako uje na maji ya kunywa. Shimo ulifukie ukimaliza, watu wanapita usiku.