Mwalimu mzuri wa chekechea mnamjuaje? (Arusha)

Mama Jojo, Sakina
Habari zenu wadau. Binti yangu Januari anaanza chekechea, atakuwa na miaka minne. Huku kwetu kuna shule mbili, moja ni inglishi midiam na watoto wanarudi na homuweki kila siku, ya pili nilipopita niliwakuta watoto nje wanachezea mchanga na mwalimu kakaa nao chini hapo hapo kwenye vumbi. Baba yake anataka ya kwanza, mi roho yangu iko kwa yule mwalimu wa mchangani. Nyie mliosomesha mnaangalia nini?

Ticha wa Awali
Mama Jojo huo mchanga ni kazi, usione mchezo. Mtoto wa umri huo vidole bado havina nguvu, akichota, akifinyanga udongo, akitunga shanga ndo anajiandaa kushika penseli, ukimbana aandike a mpaka z mapema ataishika kwa ngumi na daftari atalichukia. Mwalimu aliyesomea ualimu wa awali, yani wa chekechea, analijua hilo, muulize kasomea wapi wala usione aibu, hapo Moshi masista wa Ushirika wa Neema wana chuo cha ualimu cha Montessori, mfumo wa mtoto kujifunza kwa kushika na kutenda mwenyewe. Halafu hesabu watoto darasani, kiwango cha serikali ni mwalimu 1 kwa watoto 25.

Baba wa Rau
Cheti sawa, ila mi naangalia mtoto akijikojolea anafanywaje. Shule ya kwanza wa kwangu alisimamishwa mbele ya wenzake wamcheke, ikawa asubuhi akiona sare tu analia, tukamhamisha. Mwalimu wa sasa anamtoa kimya kimya anambadilisha anamrudisha, wenzake hata hawajui. Na jioni ukimfuata mtoto, mwalimu anakwambia leo uji kabakiza, leo kafunga vifungo mwenyewe. Yani anamjua.

Mdau Njiro
Kizungu nacho msikidharau jamani, kuna shule darasa la kwanza wanafanya intavyuu, mtoto asiyejua anaachwa.

Ticha wa Awali
Mdau ni kweli, ila mwalimu mwenyewe akiwa anababaisha kizungu mtoto anabeba makosa yale yale. Anayesimuliwa hadithi nyingi kwa Kiswahili, anaulizwa, anaachiwa ajibu mpaka amalize, huyo lugha ya pili haimsumbui. Na nisisahau fimbo, kanuni za serikali za 2002 za adhabu ya viboko zinasema viboko ni vya mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, tena kwa kosa kubwa. Mwalimu wa chekechea anayezunguka na fimbo darasani mkimbie.

Mama Jojo, Sakina
Asanteni sana, Jumatatu naenda zote mbili saa ya uji bila taarifa. Baba wa Rau, hilo la kukojoa namuulizaje mwalimu asije akanuna?

Baba wa Rau
Muulize tu nguo za kubadilisha ulete ngapi na zinakaa wapi. Akikuonyesha zilipo za wenzake, kila mtoto na mfuko wake una jina, huyo yuko kazini. Akishangaa swali, pita.