Naombeni msaada, picha za zimamoto wakiwa kazini zinaniharibikia

kamera_mkononi:
Habari zenu wakuu. Jumamosi usiku kuna maduka yaliungua mtaani kwetu hapa Dar, nikachomoka na kamera, nafika zimamoto ndo wanashusha mipira. Nimepiga picha kama mia mbili hivi ya maana ni moja tu. Zingine ama moto umekuwa doa jeupe ama watu wamekuwa vivuli vyeusi, na nilipowasha flashi ndo balaa, ile mistari ya kwenye makoti yao ikawaka kama taa za gari na moshi wote ukajaa vidoti vyeupe. Halafu askari mmoja akanifokea "toka hapo!" na mpaka leo sijaelewa, maana nilisimama pembeni kabisa chini ya ukuta. Hawa jamaa nawaheshimu sana, nataka kazi yao ionekane. Nifanyeje?

lenzi50:
Flashi zima kabisa mkuu. Ile mistari imetengenezwa irudishe mwanga kulekule ulikotoka, sasa flashi yako inakurudia mwenyewe kwenye lenzi, na chembe za moshi hivyohivyo. Tumia mwanga wa moto na taa za gari lao. Usiiachie kamera iamue, ikiona giza limejaa inaongeza mwanga na moto unapotea. Weka manyuo, yaani mipangilio uichague mwenyewe, pima mwanga pale pembezoni mwa moto penye rangi ya chungwa, piga RAW, yaani faili ghafi la picha, nyuso utaziongezea mwanga baadaye kwenye kompyuta. Rangi weka ya jua la mchana usiweke oto. Shata, yaani kasi ya kufunga lenzi, ikiwa 1/500 ya sekunde unaona maji tone moja moja, ila usiku itabidi upandishe ISO sana, yaani kamera ihisi mwanga zaidi, usiogope chengachenga kwenye picha. Na fokasi ikihangaika kwenye moshi lenga ukingo wa helmeti.

mzee_wa_nozeli:
Mdogo wangu, nimefanya kazi hii miaka mingi. Umesema ulisimama chini ya ukuta, basi hapo ndo ulipofokewa. Ukuta ulioungua unaanguka bila kukupigia hodi, kaa mbali angalau mara moja na nusu ya urefu wake. Upepo uwe mgongoni kwako, maana barakoa ya kitambaa haizuii kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu ya kwenye moshi, hata kidogo. Na mpira usiukanyage hata kama umelala tu, maji yakifunguliwa ghafla unaruka na unakuangusha. Kama hujatupigia 114 piga kwanza, kamera baadaye. Halafu siku tulivu nenda kituoni, jitambulishe kwa mkuu wa kituo, omba upige wakiwa mazoezini. Wakikujua sura hawatakufukuza ovyo.

mama_vitenge:
Naongezea moja tu wanangu. Soko la Kariakoo lilipoungua Julai 2021 watu wetu wengi walipoteza mtaji usiku mmoja. Mtu anaangalia mzigo wake unateketea, usimsogezee kamera usoni, na kama kuna majeruhi usirushe kwenye magrupu kabla ndugu zake hawajajua.

kamera_mkononi:
Asanteni sana, mzee shikamoo na asante, kumbe alikuwa ananiokoa. Mama nimekusikia, zipo mbili za namna hiyo nazifuta sasa hivi. Ile moja nzuri niliyosema wala haina moto, ni askari amekaa kwenye ukingo wa barabara moto umeshazimwa, helmeti ameiweka magotini, uso wote masizi isipokuwa pale barakoa ya mtungi wa hewa ilipokuwa, anamimina maji ya chupa kichwani. Kesho asubuhi naenda kituoni kumtafuta nimpe nakala.

mzee_wa_nozeli:
Nenda asubuhi mapema kabla hawajabadilishana zamu.