Mwekezaji wa kigeni anaitaka klabu yetu yenye madeni: tumwekee masharti gani?

Mwanachama:
Ndugu wadau, klabu yetu inamilikiwa na wanachama, na kwa misimu kadhaa sasa mishahara ya wachezaji inachelewa huku madeni yakizidi kukua. Amejitokeza mwekezaji kutoka nchi ya nje anayetaka hisa nyingi, akiahidi kulipa madeni yote na kufanya usajili mkubwa. Wengi wetu tunaelekea kukubali kwa sababu tumechoka, wala si kwa sababu tunamwamini. Naomba wenye kuyafahamu mambo haya wanieleze mipango ya namna hii huharibikia wapi, na kama ugeni wa mmiliki ndio tatizo lenyewe.

Mhasibu:
Ndugu Mwanachama, kabla ya kuuliza anatoka wapi, ulizeni fedha zake zitaingia klabuni kwa njia gani. Anayenunua hisa mpya huongeza mtaji, na hata akiondoka fedha hizo hazimfuati. Lakini anayeikopesha klabu huwa mdai wake, na siku atakapochoka mtagundua kwamba madeni yale mliyodhani yamelipwa yalihama tu kutoka kwa wadai wengi kwenda kwa mmoja. Klabu ya Portsmouth ya Uingereza ilitwaa Kombe la FA mwaka 2008 kwa gharama ambazo mapato yake hayakuweza kuzibeba. Mmiliki wake alipoacha kuzifidia, klabu ilipita mikononi mwa wamiliki kadhaa kwa muda mfupi, na Februari 2010 ikawa ya kwanza katika Ligi Kuu ya Uingereza kuwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi. Ilikatwa pointi 9 na kushuka daraja. Mwaka 2013 walioinunua na kuiokoa walikuwa mashabiki wenyewe.

Kuhusu ugeni, Bury ilifukuzwa katika ligi ya Uingereza mwaka 2019 ikiwa chini ya mmiliki Mwingereza. Uraia peke yake hauwahakikishii chochote.

Shabiki wa Jukwaani:
Nakubaliana na Mhasibu kuhusu fedha, ila naona ameupunguza mno uzito wa ugeni. Mmiliki aliye mbali hakutani na mashabiki, hawajui wazee wa klabu, na mara nyingi huwategemea washauri wenye maslahi yao. Kampuni ya Venky's ya India iliinunua klabu ya Blackburn Rovers ya Uingereza Novemba 2010, ikamfukuza kocha Sam Allardyce mwezi uliofuata, na mwaka 2012 timu ikashuka daraja. Katika klabu ya Cardiff City ya Wales, mmiliki Vincent Tan kutoka Malaysia alibadilisha jezi za buluu kuwa nyekundu mwaka 2012. Timu ilipanda Ligi Kuu mwaka uliofuata, na bado mashabiki waliendelea kupinga hadi buluu iliporudishwa Januari 2015. Kwangu mimi hilo linaonyesha kwamba kuna mambo ambayo ushindi hauyalipi, nayo lazima yaandikwe katika mkataba mapema.

Mwanasheria:
Yaandikwe, ndiyo, lakini msidhani kura peke yake itawalinda. Kanuni ya ligi za soka za Ujerumani ijulikanayo kama 50+1 huwaachia wanachama wa klabu wingi wa kura. Mwaka 2011 Hasan Ismaik kutoka Jordan alinunua asilimia 60 ya 1860 München iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika, huku wingi wa kura ukibaki kwa wanachama. Timu iliposhuka kutoka daraja la pili mwaka 2017, hakutoa fedha zilizohitajika kwa leseni ya daraja la tatu, hivyo klabu ikaangukia la nne. Wanachama walikuwa na kura, naye alikuwa na fedha.

Kwa hiyo daini dhamana ya benki inayotosha gharama za msimu mzima, na kifungu kinachorudisha hisa kwenu akishindwa kulipa. Jina, nembo na rangi zisibadilishwe bila idhini ya mkutano mkuu. Uwanja usiuzwe wala kuwekwa rehani. Klabu iliyopoteza wachezaji wake inaweza kujengwa upya, lakini iliyopoteza uwanja inakuwa mpangaji kwa mdai wake. Je, hati ya uwanja wenu iko kwa jina la nani?

Mwanachama:
Nawashukuru sana. Hati iko kwa jina la klabu, na rasimu tuliyopewa haiutaji uwanja hata mara moja. Fedha zake zimeandikwa humo kuwa ni mkopo. Nitaiomba kamati iahirishe kura mpaka vifungu hivyo viwili virekebishwe.